Karatasi ya Mapacha

Nilifika Shinyanga siku ya arobaini ya Mama Nasra nikiwa nimechelewa hitima lakini nimewahi pilau, na najua angekuwa hai angenisema kwa hilo mbele ya watu. Ua wa nyumba yao ulikuwa umejaa turubai na viti vya kukodi. Mumewe, Baba Nasra, alikuwa ameketi karibu na mlango wa duka lake la vipuri vya baiskeli, amevaa kanzu iliyomzidi mabega, maana mzee amekonda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama bado napiga picha au nimeshapata kazi. Alianza kunitania hivyo nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Sasa nina mvi kidevuni na bado ananichekesha. Baada ya chakula alinipeleka nyuma ya duka, kwenye chumba alichofanyia kazi marehemu. Printa kubwa ilikuwa mahali pake, imefunikwa shuka. Mzee aliniambia hajui aifanyie nini. Wanunuzi walikuwa wameshakuja, na wote walitaka kujua kama inachapa mabango ya matangazo. Akaniacha humo peke yangu. Nilikaa kwenye stuli, nikalia kidogo, nikajifuta, na mwaka ule nilipomfahamu ukanirudia wote.

Mwaka ule niliishi Kharumwa, mji wa machimbo ya dhahabu, nikijiita mpiga picha wa kujitegemea, jina zuri la mtu asiye na ajira. Nilipiga harusi, kipaimara, picha za pasipoti zenye pazia la bluu nyuma, na wachimbaji wadogo waliotaka kuonekana wamekaa juu ya pikipiki ambazo hazikuwa zao. Lakini kila nilipopata nafasi nilikwenda machimboni na kamera yangu, nikapiga picha ambazo hakuna aliyeziagiza. Mwalimu mmoja aliyeziona aliniambia kwamba Shinyanga mjini kuna mama wa Kihindi anayewachapia kazi zao wachoraji na wapiga picha, na kwamba picha ikitoka mkononi mwake unaona haya kuipa mgongo. Nikapanda gari hadi Tinde, nikabadilisha, nikaingia mjini na bahasha ya picha zangu bora, zilizosafishwa studio za kawaida, zenye kung'aa. Mama Nasra alizipanga mezani, akavua miwani, akaivaa tena. Aliniuliza hawa watu wangu walikuwa wanaumwa nini, mbona wote wamepauka, kana kwamba wametolewa kwenye pipa la unga. Nilitaka kukasirika. Yeye hakungoja nimalize kukasirika. Aliingiza faili la picha moja kwenye kompyuta kutoka kadi ya kamera yangu, akachapa kipande cha ukubwa wa kiganja, shavu na sikio tu la mchimbaji mmoja, na nikauona weusi wa mtu yule kama nilivyouona siku ile juani, wenye wekundu kwa ndani na jasho juu yake. Tangu siku hiyo nilimpenda mama yule, na sioni aibu kulisema.

Nilianza kuja Shinyanga kila nilipopata nauli, na nikija nilikaa siku kadhaa, nikilala kwa binamu yangu na kushinda kwenye chumba kile. Kilitenganishwa na duka kwa pazia tu, kwa hiyo tulisikia kila kitu: bei za minyororo na tairi, habari za ng'ombe waliopotea, wachimbaji waliopita mjini wakisimulia duara, yaani shimo la kuchimbia, lililotoa dhahabu na duara lililofukia watu. Baba Nasra alikuwa bingwa wa kuwachokoza. Mchimbaji akisema mwezi ujao atarudi kununua pikipiki, alimshauri kwa sasa anunue kengele, pikipiki ataifunga baadaye. Nyuma ya pazia sisi tulikula. Asubuhi chai ya tangawizi na bajia, mchana michembe iliyochemshwa ikachanganywa na karanga, kwa sababu Mama Nasra alikulia kijijini Samuye, na hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba duniani kuna chakula kinachozidi viazi vilivyokaushwa. Kisukuma chake kilikuwa safi kuliko changu. Akina mama wa vijijini waliokuja kununua tairi na Kiswahili kikawakwama, yeye aliwaitikia kutoka nyuma ya pazia kwa lugha yao, nao wakachungulia kumtafuta Msukuma aliyesema, wasimwone.

Kiangazi cha Shinyanga ni adui wa printa ya wino. Hewa hukauka hadi midomo inapasuka, na vile vitundu vya kutolea wino, vyembamba kuliko unywele, huziba visipotunzwa. Kwa hiyo kabla ya kuchapa tulikuwa na ibada yetu. Tulivua viatu, tukapangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, tukaweka beseni la maji chini ya meza na kanga iliyoloweshwa dirishani, tukazima feni, tukalowa jasho kwa heshima ya mashine. Karatasi ilikuwa ya pamba tupu, nzito, isiyong'aa, na ilikuja kutoka ng'ambo ikiwa imeviringishwa kama jora la kitambaa. Mama Nasra hakuchoka kunikumbusha kwamba pamba inalimwa hapa hapa nje ya mji, inapanda meli, inarudi kwetu ikiwa karatasi, nasi tunaipokea kwa mikono miwili kama mgeni. Skrini hakuiamini. Alisema skrini inawaka, na kitu kinachowaka kinampendelea kila mtu. Alichapa kipande cha majaribio, akakipeleka kwenye mlango wa nyuma penye mwanga wa mchana, kwa sababu, alisema, watu wa huku hawatundiki picha ndani ya kompyuta. Na hata hapo hakutoa hukumu. Picha ililala kwanza hadi kesho yake, wino ukinywewa na karatasi, ndipo akaitazama. Mimi kijana wa haraka niliteseka sana na usiku huo mmoja. Baba Nasra aliniuliza kutoka dukani kama nilizaliwa siku ile ile mama yangu alipopata mimba.

Kiangazi hicho ndipo nilipowapiga picha Kulwa na Doto. Walikuwa wanawake wa makamo, waponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, karibu na karasha moja, mashine ya kusagia mawe, nje kidogo ya Kharumwa. Kwa Wasukuma majina hayo hayachaguliwi: pacha anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Na kila mtu anajua ukimpa mmoja kitu umpe na mwenzake, hata kama ni pipi, la sivyo aliyenyimwa ataanza kupungua. Hawa wawili hawakufanana sana. Kulwa alikuwa maji ya kunde, mpana, mwingi wa maneno. Doto alikuwa mweusi, mwembamba, mwenye kicheko cha chini kilichoishia kwenye kikohozi. Kikohozi hicho hakikumshtua mtu. Kwenye vumbi lile kila mtu alikohoa, hata mimi. Waliniruhusu kwa sharti moja, na Kulwa alilitamka mbele ya wanawake wenzao, nyundo zote zikiwa zimetulia.

“Utupige wote wawili,” alisema. “Lakini picha ya mmoja isizidi ya mwenzake. Ikizidi, umetutenganisha.”

Niliapa. Niliwakalisha mmoja baada ya mwingine kwenye ndoo ile ile iliyofudikizwa, mbele ya ukuta ule ule wa udongo, wote wamepakwa vumbi la mawe kuanzia kope hadi vifundo vya mikono, rangi ya majivu. Kati ya wa kwanza na wa pili jua lilisogea, nami sikujali.

Mama Nasra alijali. Nilidhani atalicheka sharti lenyewe, kumbe alinisikiliza kama mtu anayepewa vipimo vya mlango. Alisema ahadi ya namna hiyo haitimizwi na kamera, inatimizwa hapa, na kwamba kuanzia siku hiyo kazi ni yake pia. Hakutaka kuwafanya wafanane. Kulwa alibaki Kulwa na Doto akabaki Doto. Alichosawazisha ni haki: kichwa kwa kichwa ukubwa mmoja, ukingo mweupe upana mmoja, na mwanga wa jua lililosogea ukarudishwa mahali pamoja, ili vumbi la shavu la huyu liwe na rangi ya vumbi la shavu la yule, na giza la nyuma ya sikio la huyu liwe na kina cha giza la yule. Meza ilijaa vipande vya majaribio. Alivishika kwa glavu nyeupe, akavipeleka mlangoni, akavirudisha, akasema bado. Nimefanya kazi na watu wengi tangu wakati ule, wengine wana vyeti vinavyojaza ukuta, na sijamwona mwingine anayelitamka neno bado kwa upole kama ule, bila kumkatisha mtu tamaa na bila kurudi nyuma hata hatua moja.

Kisha Mwanza wakapiga simu. Nilikuwa nimepeleka picha zangu kwenye maonyesho ya wapiga picha chipukizi, na mratibu wao, dada mmoja mwenye sauti ya redio, aliniambia nimechaguliwa. Wametaka picha moja, ya Doto. Alisema uso ule unasema, macho yale yamezama vizuri, wataitundika ukutani ukiingia tu. Nilitoka nyuma nikaruka ruka kati ya matairi hadi Baba Nasra akashika rafu yake. Kwa mtu aliyekuwa akipigia watu picha za pazia la bluu, jina kuandikwa ukutani Mwanza halikuwa jambo dogo. Nililitaka jambo hilo kama mwenye kiu anavyotaka maji. Mama Nasra alinipongeza kwa moyo, akanimiminia chai, kisha akauliza, “Na Kulwa?”

Nikamweleza kwamba nafasi ni moja kwa kila mpiga picha. Akasema amesikia. Nikamweleza kwamba Kulwa atapata yake nyumbani, nzuri vile vile. Akasema kumpeleka mmoja mjini kwa watu na kumwacha mwenzake ukutani nyumbani ndiko kulekule kuzidishana nilikokatazwa. Baba Nasra alidakia kutoka ng'ambo ya pazia kwamba mtoto apewe picha yake aende, mambo ya mapacha wataulizwa mapacha. Mkewe alimjibu kwa Kigujarati, maneno machache, naye akarudi kwenye minyororo yake. Kisha akanigeukia mimi.

“Mwanangu, mimi sikuzuii. Faili ni lako, kuna wachapaji wengine. Lakini kwenye chumba hiki mapacha hawatoki mmoja mmoja.”

Nilikwenda kwa binamu yangu nimenuna, nikakataa chakula, jambo ambalo halikumsikitisha yeyote. Kesho yake nilirudi nikiwa na hotuba kichwani. Sikupata nafasi ya kuitoa. Mama Nasra alikuwa ameshusha karatasi na kuikunjua mezani, na alikuwa akipima kwa utepe wa fundi cherehani. Kilichobaki cha ile pamba kilitosha kipande kimoja kirefu, na mzigo mwingine haungefika kabla ya maonyesho. Aliniambia tutawachapa wote wawili kwenye karatasi moja, bega kwa bega, bila mstari katikati. Mwanza wameomba picha moja, nao watapata moja. Anayemtaka Doto peke yake na atafute mkasi, ajue anachokifanya. Nilimtazama mama yule, miwani imeshuka puani, utepe shingoni, nikacheka hadi nikaisahau hotuba yangu. Nilimpigia mratibu. Hakufurahi, alisema tuilete wataiona, na kwamba hatoi ahadi.

Kabla ya kuchapa tuligombana kuhusu shingo ya Doto. Chini ya taya lake palikuwa na kivuli, nami nilikipenda kiwe giza totoro, maana kilimpa uso ule ukali, kikamfanya aonekane amechongwa. Mama Nasra alikifungua, akakiingizia mwanga. Kila nilipokifunga kwenye kompyuta, alikaa kwenye stuli yake akakifungua tena, taratibu, hadi mishipa na mashimo ya shingo yakaonekana. Nilimwambia anaiharibu picha. Alinionyesha shingo ya Kulwa, ambako mwanga ule ule ulikuwa umeingia bila mtu kuulalamikia, kwa kuwa shingo ya Kulwa ilikuwa nene na haikuwa na cha kuonyesha. Akasema, “Hapa nimempa Kulwa mwanga. Doto nimnyime kwa sababu wewe unapenda giza?” Nikabaki na kununa, ambako tayari nilikuwa na mazoezi nako.

Tulichapa asubuhi, umeme ukiwa umetulia, sote viatu nje. Karatasi ilikuwa hiyo moja. Umeme ungekatika katikati ingebaki alama kama kovu, na basi. Mama Nasra alisoma Bismillahi na kubonyeza. Nimeziona picha nyingi zikitoka tangu hapo na bado nikifumba macho naiona ile. Kichwa cha printa kilikwenda na kurudi, kikawaleta wote kwa pamoja kuanzia juu: vitambaa vyao vya kichwani, kisha vipaji vya nyuso, kisha macho manne yakatutazama kwa wakati mmoja. Hakuna aliyetangulia. Baba Nasra alikuwa amesimama mlangoni ameshika pazia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani. Picha ilipomalizika Mama Nasra aliilaza mezani, akaifunika kwa karatasi laini, akatufukuza.

Ni yeye aliyesema kwamba kabla ya Mwanza wenyewe waione. Nilikuwa nimewatumia ujumbe kwa dereva wa gari la Kharumwa, na wakaja kesho yake mchana, wamevaa kitenge sare na kujipaka mafuta, hata sikuwatambua pale mlangoni kwa kukosa vumbi. Walipeana habari ndefu na mwenyeji wao kwa Kisukuma, za mvua, za watoto, za Samuye. Michembe ikaja. Doto alikula kidogo akasema ameshiba. Kisha Mama Nasra akanawa mikono, akaikausha vizuri, akavaa glavu na kuiondoa ile karatasi laini.

Kulwa alijitazama yeye kwanza, akacheka paji lake la uso, akasema kumbe ndilo linalotangulia kufika kila mahali. Doto naye akacheka, akakohoa. Kisha Kulwa akasogea upande wa mwenzake. Alikaa hapo muda mrefu hadi sote tukaacha kucheka. Nilimwona akipeleka mkono kwenye shingo yake mwenyewe, akaipapasa, huku macho yakiwa kwenye ile nyingine ya karatasini. Aliuliza kwa sauti ndogo kama huyu mmoja amepunguziwa wino.

Mama Nasra alimjibu kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. “Wino ni mmoja, mama. Karatasi ni moja. Sikumwongeza mtu, na sikumpunguza mtu.”

“Basi anayepungua ni yeye mwenyewe,” alisema Kulwa.

Aligeuka akamtazama Doto mwenyewe, si wa karatasini, amesimama pale kwenye mwanga wa mlango wa nyuma, na sote tukamtazama. Miaka yote walikuwa wameketi bega kwa bega wakiponda mawe, wamefunikwa vumbi moja, na kila siku ilimpunguza Doto kidogo tu, kiasi ambacho jicho lililozoea haliwezi kukishika. Yale macho yaliyozama vizuri, ambayo Mwanza waliyataka yakae ukiingia tu, yalikuwa macho ya mgonjwa. Nami nilikuwa nimeyapenda kwa sababu hiyo hiyo bila kujua. Kulwa alimuuliza mwenzake tangu lini. Doto alichezea ncha ya kitenge chake.

“Nilikuona na wewe umechoka,” alisema. “Nikaona nisikuongezee.”

Kilichofuata nitakisema kwa ufupi kwa sababu kina mwisho mwema. Kilikuwa kifua kikuu, kilichojificha ndani ya vikohozi vya watu wote wa machimboni. Doto alimeza dawa hadi akazimaliza, Kulwa akimsimamia kila asubuhi kama askari, na hakurudi kwenye mawe. Wote wawili hawakurudi, walifungua genge la mboga. Siku ya arobaini walikuwepo, wananipakulia pilau na kunikaripia kwa kuchelewa. Picha ilifika Mwanza baada ya maonyesho kufunguliwa, ikatundikwa karibu na ngazi, watu wachache wakaiona. Baadaye niliirudisha Kharumwa, na hadi leo inakaa kwa Kulwa kwa muda, kisha kwa Doto, na siku ya kuihamisha huwa wanapika. Mimi nilijifunza kuchapa kwenye chumba kile, na kazi yoyote nzuri niliyoifanya baadaye ina mkono wa mama yule ndani yake. Baba Nasra nilimwambia mashine haiuzwi, nitaichukua mimi. Akaniuliza kama hiyo maana yake nimepata kazi.

Lakini mchana ule hakuna kati yetu aliyeyajua hayo. Simu ya Mwanza ilikuwa ikiita juu ya meza, mratibu anataka kujua picha imeondoka au la. Mama Nasra aliifunika ile karatasi, akavua glavu, akatafuta mtandio wake, akamwambia mumewe aijibu simu vyovyote apendavyo, na tukatoka sote wanne kwenda hospitali. Doto alitembea katikati akisema tunamsumbua mtu bure, ni vumbi tu. Mapokezi palikuwa na muuguzi kijana, na alipotuona tumejipanga mbele yake wote kwa pamoja aliuliza mgonjwa ni nani.

Doto alifungua mdomo, lakini Kulwa alikuwa ameshamshika mkono na kusogea naye mbele.

“Ni sisi,” alisema.